Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupima Viambato vya Miti Shamba na Vyakula

Meza ya kupokelea sampuli ya maabara yetu iko karibu na mlango, na mimi ndiye ninayeikalia. Kwa siku moja naweza kupokea majani ya mlonge yaliyofungwa kwenye gazeti, unga wa manjano kutoka Kariakoo, magome ambayo mwenyewe hataki kuyataja jina, na chupa ya juisi ya choya iliyoanza kuchacha ndani ya daladala. Maswali yanayokuja na mizigo hiyo yanafanana, kwa hiyo nimeyaandika hapa na majibu yake. Yasome kabla hujapanda gari kutoka Mbagala au Bunju.

Nataka mnipimie mlonge wangu. Mnapima nini hasa?

Hilo ndilo swali nitakalokurudishia wewe. Hakuna kipimo kinachoitwa "kupima mlonge". Jani moja lina mamia ya kemikali, na kila kundi lina njia yake, mashine yake na gharama yake. Ukitaka kujua madini ya chuma, tunauchoma unga mpaka ubaki majivu, kisha tunayapima majivu. Ukitaka vitamini C, kuchoma ni kuiangamiza. Hiyo inataka majani yaliyochumwa leo leo na mikono myepesi.

Kwa hiyo nitakuuliza: unauza kama chakula au kama dawa? Unataka kujua kilichomo, kiasi chake, au kama ulichouziwa ndicho chenyewe? Wapo wanaofika wakitaka "vipimo vyote". Wakishaona makadirio ya gharama huwa wanakumbuka haraka wanachokihitaji.

Polifenoli, alkaloidi, saponini: haya ni madude gani kwa lugha ya kawaida?

Unayafahamu tangu utotoni, ila hukuambiwa majina yake. Bibo likikukausha ulimi na kukukaba koo, hiyo ni tanini, mmoja wa ukoo mkubwa wa polifenoli. Povu linalotoka ukifikicha majani fulani kwenye maji ni saponini. Uchungu wa kwinini ni alkaloidi. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kutoka kwenye magome ya mkwinini mwaka 1820. Uchungu wa mwarobaini ni ukoo mwingine kabisa, limonoidi, ingawa watu wengi hudhani kila kichungu kina kwinini ndani yake. Harufu ya karafuu ni eujenoli. Wekundu wa choya ni antosiyanini, rangi ya viazi lishe ni beta-karotini, na ya manjano ni kurkumini.

Ulimi, pua na macho vilianza kazi hii zamani sana kabla ya maabara. Ila havitoi namba, na tafadhali usionje mmea usioujua ili uje kutueleza ladha yake.

Namba inapatikanaje kutoka kwenye jani?

Tuchukue manjano, maana ndiyo yanayoletwa zaidi baada ya mlonge.

Kwanza tunapima unyevu: tunaweka gramu chache kwenye oveni yenye nyuzijoto 105 mpaka uzito usimame. Kilichopungua ni maji. Hapa Dar hatua hii si ya kuruka, kwa sababu unga uliokaa wazi wakati wa masika hunyonya unyevu wa hewani, na mteja akajikuta anapimiwa mvua. Kisha tunasaga tena, tunachekecha ili chembe zilingane, na tunapima uzito kwenye mizani inayoona sehemu ya elfu kumi ya gramu.

Halafu inakuja kazi ya kukitoa kiambato ndani ya unga. Kurkumini haiyeyuki kwenye maji hivi hivi, kwa hiyo tunaloweka kwenye spiriti, tunatikisa, tunachuja, tunaloweka tena masalia. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, tena kimya kimya. Ukitumia kiyeyushi kisichofaa, mashine ya mamilioni itakupa namba safi kabisa ya kitu kilichobaki kwenye kichujio.

Ule myeyusho tunaupitishia mwanga. Kurkumini hunyonya zaidi mwanga wa nanomita 425 hivi, ambao ni wa samawati. Ndiyo maana macho yetu huiona ya njano. Kadiri inavyokuwa nyingi ndivyo mwanga unavyozidi kupungua upande wa pili. Tunalinganisha na myeyusho wa kurkumini safi ambayo kiasi chake tunakijua, na hapo tunapata asilimia. Manjano mazuri huwa na kurkumini na ndugu zake kiasi cha asilimia 2 hadi 5. Ukiambiwa na mtu kuwa unga wake una asilimia 40, ama ameuchanganya na kurkumini iliyokwishakamuliwa kiwandani, ama amekosea nukta.

Tatizo la mwanga ni kwamba haujui nani kaunyonya. Rangi ya dukani ambayo walaghai huichanganya kwenye unga nayo ni ya njano! Kwa hiyo mteja akitaka uhakika tunakwenda kwenye kromatografia. Fikiria watu ishirini wanatoka Mnazi Mmoja kwa pamoja, wote wanakwenda Msimbazi kwa kukatiza Kariakoo. Asiye na haja ya kitu anafika upesi. Anayesimama kila kibanda kushika vitenge na kuuliza bei anafika jioni. Ukikaa Msimbazi na saa mkononi, utawatambua mmoja mmoja kwa muda wao wa kufika. Mashine inafanya hivyo hivyo: myeyusho unasukumwa kupitia mrija uliojazwa unga laini, kila kemikali inang'ang'ania unga kwa kiasi chake, na zinatoka moja moja. Mrusi Mikhail Tsvet ndiye aliyeanza mchezo huu mwanzoni mwa miaka ya 1900, akitenganisha rangi za majani kwenye mrija wa chokaa. Kwa vitu vyenye harufu kama mafuta ya karafuu au mchaichai tunatumia ndugu yake, ambamo kinachosukuma ni gesi na mrija unapashwa moto.

Nilipimiwa kwingine nikaambiwa bidhaa yangu ina "nguvu kubwa ya antioksidanti". Mbona ninyi hamkushangilia?

Kwa sababu tunajua kipimo hicho kinavyofanyika. Kuna kemikali ya rangi ya zambarau inayoitwa DPPH. Ukiiwekea kitu chenye antioksidanti, yaani kemikali zinazokinga vitu visiharibiwe na oksijeni, inapauka na kuwa njano, na tunapima imepauka kiasi gani. Ni kipimo cha bei nafuu, cha haraka, na wanafunzi wanakipenda kwa sababu kinaonekana kwa macho. Lakini kinachotokea kwenye kile kichupa hakina tumbo, hakina ini wala damu. Chai ya rangi inaipausha vizuri sana. Kahawa ya kijiweni nayo inaipausha.

Kile cha polifenoli zote kinafanana nacho: dawa ya Folin na Ciocalteu inageuka bluu, tunaisoma kwenye nanomita 765. Nacho hakichagui. Vitamini C inaigeuza bluu, hata baadhi ya sukari na protini zinaigeuza. Ndiyo maana ripoti haiandiki "polifenoli miligramu kadhaa" tu. Inaandika "kwa kulinganisha na asidi ya galiki", yaani sampuli yako imefanya kazi sawa na kiasi fulani cha asidi hiyo. Ukiona tangazo limeifuta sehemu hiyo ya sentensi, tia shaka.

Wamarekani waliwahi kuwa na jedwali kubwa la serikali la nguvu ya antioksidanti ya vyakula, lililotumia kipimo kiitwacho ORAC. Mwaka 2012 Wizara yao ya Kilimo ililiondoa mtandaoni, kwa sababu namba hizo zilikuwa zinatumiwa vibaya kuuzia bidhaa ilhali hazikuonyesha faida yoyote ndani ya mwili wa binadamu. Sisi bado tunavifanya vipimo hivi, maana vinafaa kulinganisha: kundi la Januari na kundi la Juni, ukaushaji wa kivulini na wa juani. Kama ndicho unachotaka, karibu. Kama unataka namba ya kubandika kwenye kopo, nitakupokea lakini sitapiga vigelegele.

Ni kweli mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa na kalsiamu mara kumi na saba ya maziwa?

Swali hili nimelijibu mara nyingi kuliko jina langu.

"Mara saba" inatoka kwenye jedwali la zamani la vyakula vya India, ambamo gramu 100 za majani mabichi ya mlonge zimepewa miligramu 220 za vitamini C na chungwa miligramu 30. Jedwali la Marekani linasema mlonge mbichi 51.7 na chungwa 53.2, yaani sare. Hakuna aliyedanganya, miti tofauti, udongo tofauti, saa tofauti tangu kuchumwa. Lakini jambo kubwa ni kwamba zote hizo ni namba za majani mabichi, na wewe unauza unga. Vitamini C haivumilii jua wala kukaa. Jedwali maarufu linalotajwa sana na wauza mlonge lenyewe linaonyesha unga ukiwa na miligramu 17 tu kwa gramu 100. Kijiko cha chai kina gramu 2 au 3. Piga hesabu: ni theluthi hadi nusu ya miligramu. Kula chungwa.

Kalsiamu ni hadithi nyingine. Hiyo haikimbii, kwa hiyo ukikausha inajikusanya. Majani mabichi ni maji karibu asilimia 79. Kilo moja ya unga imetokana na kilo nne na ushei za majani. Unga una takriban miligramu 2,000 kwa gramu 100, maziwa 120, na hapo ndipo "mara kumi na saba" inapozaliwa. Ila ni unga mkavu umesimamishwa na kitu cha majimaji. Kijiko chako kimoja kitakupa miligramu 40 hadi 60, ambazo hazizidi zile za robo glasi ya maziwa. Si haba kwa kijiko kimoja cha majani, na mimi mwenyewe naunyunyizia kwenye uji. Ila sema hivyo hivyo kwa mteja wako.

Nimeleta sampuli mbili za shamba moja, majibu yamepishana. Mmekosea?

Inawezekana, ndiyo maana kila sampuli tunaipima mara tatu na kuandika tofauti yake. Zile tatu zikikaribiana na sampuli zako bado zikapishana, tuanze kuzungumzia shamba.

Majani machanga na yaliyokomaa hayafanani. Mti uliopata mvua na uliokaa kiangazi haufanani. Mimea mingi hutengeneza vitu vyake vikali ikiwa taabuni, ikijikinga na wadudu na jua. Mchaichai uliokatwa asubuhi na uliokatwa saa nane mchana unaweza kutofautiana mafuta. Na ukaushaji ndio mhalifu mkuu. Mama mmoja kutoka Kigamboni alituletea mafungu mawili ya majani yaliyochumwa siku moja kwenye miti ile ile. Moja lilikuwa kijani kibichi, jingine kahawia kama tumbaku. La kwanza alilianika ndani kwenye jamvi, feni ikiwa juu. La pili, nafasi ilipokwisha, alilitandaza juu ya bati. Hakuhitaji kutulipa ili kujua lipi limeharibika. Macho yake yalikwishamwambia.

Kuchemsha kunaua dawa?

Inategemea dawa ipi, na hapa mimea haina mwongozo mmoja.

Kitunguu saumu kizima hakina alisini, ile kemikali yake ya harufu kali. Inazaliwa ukikiponda, pale kimeng'enya (protini inayochochea kemikali zibadilike) kilichokuwa chumba kimoja kinapokutana na aliini iliyokuwa chumba kingine. Ukitupa punje nzima kwenye mafuta ya moto, kimeng'enya kinakufa kabla ya harusi. Ponda, acha dakika kumi, ndipo upike. Tangawizi ikikaushwa, jinjeroli zake hugeuka kuwa shogaoli, ambazo ni kali zaidi. Ndiyo maana ya unga inawasha kwa namna nyingine. Karoti na mchicha hufaidika na moto na mafuta kidogo, kwa sababu beta-karotini hufyonzwa pamoja na mafuta. Aliyebuni mchicha wa nazi hakuwa na maabara na alipatia.

Kisamvu ni mfano ninaoupenda. Kukitwanga kunaikutanisha linamarini, kemikali ya muhogo inayobeba sayanidi, na kimeng'enya chake, sumu ya sayanidi inatoka, na kuchemsha bila kufunika kunaiondosha hewani. Anayekuambia ule majani ya muhogo mabichi ili "usipoteze virutubisho" hakutakii mema.

Na pakanga, ile inayotoa artemisinini ya kutibu malaria: mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alihangaika na dawa iliyochemshwa ambayo mara inafanya kazi, mara haifanyi. Kitabu cha kale cha kwao kilisema loweka na ukamue, hakikusema chemsha. Mwaka 1971 akatumia kiyeyushi kiitwacho etha, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 35 hivi, na dawa ikapatikana. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Msitumie habari hii kujitengenezea chai ya malaria, hata hivyo. Kikombe hakina kipimo. Dozi pungufu inaacha vimelea hai na kuvifundisha kuizoea dawa. Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kama tiba.

Kuna kipimo ninachoweza kufanya jikoni?

Vipo, ila vinasema "kipo" au "hakipo", haviandiki ripoti.

Doa la manjano kwenye kanga likipakwa sabuni ya mche linageuka jekundu. Hiyo ni kurkumini inayokutana na magadi, na likisuuzwa kwa maji ya limau linarudi njano. Unga wa njano usiobadilika kabisa ukiutia magadi unatakiwa kukutia wasiwasi. Choya hufanya kinyumenyume: limau huizidishia wekundu, magadi huipeleka kwenye zambarau chafu. Sisi tunatumia tabia hiyo hiyo kupima antosiyanini, kwa kuisoma rangi kwenye asidi ya pH 1 na ya 4.5 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali).

Kwa vitamini C, chemsha wanga kidogo wa muhogo kwenye maji, upoze, utie tone la aidini ya duka la dawa. Utakuwa wa bluu. Dondoshea juisi ya ubuyu, ya embe, ya chungwa kwenye vikombe tofauti, uhesabu matone mpaka bluu iishe. Iliyohitaji matone machache ndiyo yenye vitamini C nyingi. Watoto wa kidato cha pili hulifurahia sana jaribio hili. Kisha mwaga, usinywe.

Mnapima mazuri tu, au na mabaya?

Mabaya ndiyo ningekushauri uanze nayo, kama una pesa ya kipimo kimoja tu. Unga uliokaushwa vibaya unaota kuvu, na kuvu wengine hutoa sumukuvu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walifariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa mahindi na karanga kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na sumu hiyo haionekani kwa macho wala haitoki kwa kupika.

Kwa manjano, uliza madini ya risasi. Mwaka 2019 ilithibitika kwamba Bangladesh kulikuwa na wasindikaji waliokuwa wakiyang'arisha kwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye sumu. Mdalasini nao una pacha wake, kasia, wenye kumarini nyingi ambayo ikizidi huumiza ini. Gome la mdalasini halisi, kama ule wa Zanzibar, ni jembamba na hujikunja tabaka nyingi. La kasia ni nene kama ubao.

Nilete sampuli kiasi gani, na vipi?

Gramu 200 za kitu kikavu zinatosha kwa vipimo vingi. Usichote juu ya gunia. Chota juu, katikati na chini, changanya. Tumia bahasha ya karatasi kwa majani na chupa kavu yenye kifuniko kwa unga. Andika tarehe ya kuchuma, mahali, sehemu ya mmea na ulivyokausha. Kama hatujui ni mmea gani, leta tawi lenye maua au matunda, lililobanwa kwenye gazeti, lipelekwe kwa wataalamu wa mimea pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Gome peke yake linatutesa. Na jina la kienyeji pekee halitoshi, maana jina moja Pwani ni mti huu na Usukumani ni mti ule.

Kwa nini bei iko juu hivyo?

Ile kurkumini safi ya kulinganishia inaagizwa nje na inauzwa kwa miligramu. Viyeyushi pia. Umeme ukikatika katikati ya kazi, tunaanza upya kwa gharama yetu.

Majibu yakiwa mazuri, naweza kuandika kwenye kopo "inatibu kisukari"?

Hapana. Ripoti yetu inasema kemikali fulani imo, na kiasi chake. Haisemi ikifika tumboni inakwenda wapi. Kurkumini, kwa mfano, hufyonzwa kidogo mno. Pilipili manga huisaidia, lakini pilipili manga hiyo hiyo hubadilisha jinsi mwili unavyoshughulikia baadhi ya dawa za hospitali. Mgonjwa anayetumia dawa za sukari au za kuyeyusha damu amwambie daktari wake kila anachokunywa, hata kama ni "majani tu".

Kwa taratibu: chakula kilichofungashwa, tangu mwaka 2019, ni Shirika la Viwango (TBS). Dawa na vifaa tiba vina Mamlaka yake, TMDA. Tiba asili ina Baraza lake la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Ukitaka mmea wako ufanyiwe utafiti wa kweli, ipo Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti. Nenda na subira. Maswali yao ni mengi kuliko yangu.

Naweza kurudishiwa unga uliobaki?

Ule ambao haukuguswa, ndiyo, ndani ya siku thelathini, uje na chombo chako. Uliolowekwa kwenye kiyeyushi haurudi. Aliyesema mwezi uliopita kwamba ataukausha tu auze, jibu bado ni lile lile.